Ulimi Ulioonja La Vecina

Mheshimiwa mgeni rasmi kutoka ofisi ya Meya, Padre Anselmo, Don Ulises Lanuza, mwenye kiwanda hiki na bosi wangu kwa saa chache zilizobaki, Doña Haydée, mke wangu, uliyefua mashati yanayonuka tumbaku kwa miaka thelathini na nne, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mafundi wa ukumbi huu wa kuviringishia, mliopewa viti vya nyuma ingawa ukumbi ni wenu: habari za asubuhi.

Nimepewa dakika kumi. Katibu wa Don Ulises amenionyesha saa yake mara mbili kabla hata sijasimama, kwa hiyo najua kwamba baada yangu kuna tangazo, na kwamba tangazo lenyewe ni la mtu atakayekalia kiti changu kwenye meza ya kuonjea. Nimesikia ni mtaalamu kutoka nje, kijana msomi, na jina lake liko kwenye karatasi iliyomo mfukoni mwa koti la Don Ulises. Naomba karatasi hiyo ibaki humo humo mpaka nimalize. Je, ni ombi kubwa kwa mzee anayestaafu?

Kwanza nashukuru kwa zawadi. Mmenipa saa ya ukutani, ambayo mke wangu ameshaiamulia mahali pake, na mmenipa bamba hili la shaba. Limeandikwa hivi: "Kwa Don Evenor Talavera, Muasisi wa La Vecina." Herufi zimechongwa kwa ustadi, shaba inang'aa, jina langu halijakosewa hata herufi moja, na maneno yaliyobaki ni uongo.

Msicheke, wa nyuma. Sifanyi mzaha.

Hapa mjini Estelí hakuna asiyeijua La Vecina. Ni biri iliyoviringishwa kwa mkono, imevalishwa jani la nje lisilo na tundu wala mshipa, na bado bei yake ni ya nakatamali moja, ule unga wa mahindi na nyama uliofungwa kwa jani la mgomba, tunaokula Jumapili. Wenye suti wanaivuta, na dereva wa lori la ng'ombe anaivuta pia akiwa ameegemea tairi lake. Ukiivuta kabla ya kuiwasha, inakupa harufu ya mbao za mwerezi na zabibu kavu. Ukiiwasha, inakuanza na pilipili kidogo, ya kukuamsha tu, kisha taratibu unakuja utamu wa kakao na mahindi yaliyokaangwa. Ukifika katikati unaacha kuzungumza. Nimewaona watu wakikatiza ugomvi wa mpira wakifika katikati ya La Vecina. Na mwanzoni nilipokuwa nikiwafundisha wanunuzi, niliwaambia: usimeze moshi, bwana, hii si sigara ya kituo cha basi, ushike moshi mdomoni, uzungushe, kisha upitishe kidogo puani, taratibu, ndipo utajua umenunua nini kwa hela hiyo ndogo.

Nani aliitunga biri hiyo? Bamba linasema ni mimi. Sasa nisikilizeni.

Miaka kumi na moja iliyopita kiwanda kilikuwa kinatafuta biri ya bei nafuu isiyo na aibu. Tulikuwa tumejaribu michanganyiko ishirini na saba, na yote ilikuwa ama mikali kama sabuni ya kufulia au mipole kama maji ya kuoshea mchele. Asubuhi moja nikapita ukumbini kuchukua sampuli ya ishirini na nane. Mafundi mnajua desturi yetu: pembe ya kushoto ya meza inawekwa biri ya kiwanda, na pembe ya kulia anaweka fundi fuma yake, zile biri mbili anazoruhusiwa kujiviringishia kila siku azivute mwenyewe. Hakuna anayegusa fuma ya mwenzake. Afadhali uguse mkoba wake. Lakini mimi nilikuwa natokea upande wa dirishani, nikaikabili meza kinyume, na kushoto kwangu kukawa kulia kwake. Nikachukua fuma.

Nikaingia chumba cha kuonjea. Nikala kipande cha totia, mkate bapa wa mahindi, kisicho na chumvi, nikanywa maji, nikawasha. Ndugu zangu, nilisimama. Nikaipa tisini na tatu, alama ambayo sikuwahi kuipa biri yoyote ya kiwanda hiki, hata zile za kwenye masanduku ya vioo. Nikatoka mbio nikipiga kelele kwamba tumepata, tumepata! Na mbele yangu nikamkuta mwanamke amesimama, mikono kiunoni, macho mekundu.

"Don Evenor, umenivutia fuma yangu!"

"Fuma ipi, mama?"

"Hiyo iliyoko mdomoni mwako! Nimeiviringisha tangu asubuhi niivute saa nne. Sasa saa nne nitavuta nini, kidole?"

Mwanamke huyo ni Azucena Rugama, meza ya kumi na nne, yule pale aliyejifunika uso kwa aproni. Usijifiche, Azucena. Alikuwa amekusanya vipande vinavyobaki wakati wa kukata biri za bei kubwa, vile ambavyo sisi tulikuwa tunavifagia, akavipanga kwa mkono wake, akaongeza jani moja la tumbaku ya bonde la Jalapa kwa ajili ya utamu, basi. Nilimuuliza amepimaje. Akaniambia, "Nilipima mpaka ikanifurahisha." Wiki mbili baadaye tukawa na La Vecina. Mimi nikapigwa picha, yeye akapewa kuku wa Krismasi. Don Ulises, nilimwambia marehemu baba yako, aliyekuwa bosi wakati ule, kwamba wazo ni la Azucena, lakini nililisema mara moja, tena kwa sauti ndogo, na aliponipa mkono wa pongezi niliupokea. Hilo la kwanza.

La pili ni zito zaidi. Haydée, mke wangu, unajua ninachotaka kusema, na usiku kucha umenisihi nisiseme. Nisamehe.

Tangu homa ya mwaka juzi, mimi sina pua. Sinusi chochote. Siku niliyogundua, maharage yaliungua mpaka jirani akaja kugonga mlango, nami nimekaa jikoni humo humo nasoma gazeti. Na ulimi bila pua ni kipande cha nyama tu. Unajua chumvi, unajua sukari, mengine hauyapati. Mnakumbuka nilirudi kazini baada ya wiki tatu, mkanipigia makofi? Niliingia chumba cha kuonjea, nikafunga mlango, nikawasha biri, nikavuta moshi wa moto usio na jina. Nikalia. Nilikuwa na miaka sitini na nne na sikujua kazi nyingine yoyote.

Basi nikafanya hivi. Kila sampuli nikawa nachukua mbili. Moja naivuta dirishani ili watu waone moshi. Ya pili naiweka meza ya kumi na nne, pembe ya kulia, kama fuma. Saa nne napita pale, nasimama kama mtu anayekagua jani, na Azucena bila kuinua kichwa ananiambia, "Hii imechoka." Au, "Hii ina kiburi, ipumzishe." Au, "Hii mpe Padre, anapenda vitu laini." Narudi chumbani, naandika kwenye daftari.

Siku ya tatu tu akaniuliza, "Don Evenor, wewe hunusi, eh?"

"Nani kakwambia?"

"Shati lako limemwagikiwa petroli tangu asubuhi na huna habari."

Nikamwomba asiseme. Hakusema. Miezi ishirini, ndugu zangu. Mwanamke huyu ambaye nyote mnamwogopa kwa mdomo wake, ambaye Jumamosi iliyopita alimwambia fundi mwenzake kwamba biri yake imevaa kama mtu aliyeamshwa na tetemeko, alinitunzia siri miezi ishirini na hakudai hata shukrani.

Mnakumbuka shehena ya Septemba? Sampuli zilikuwa nzuri kwa macho, jani linang'aa, wote tumetia saini. Azucena alivuta mara tatu akaiweka chini. "Kuna ukungu ndani. Fungueni marobota." Tukafungua, tukakuta ukungu katikati kabisa, mahali ambapo mkono haufiki. Wiki ile Don Ulises ulinifanyia karamu ya nyama choma, ukasimama ukasema, "Pua hii ya Don Evenor imeokoa jina la nyumba yetu." Nami nilikaa pale nikatafuna ile nyama kama mwizi. Haikuwa na ladha yoyote, lakini si kwa sababu ya homa tu.

Kwa hiyo, Don Ulises, daftari lililoko mezani kwako, ambalo mtaalamu wako atalisoma ili ajifunze ladha ya nyumba hii, ni mwandiko wangu na ulimi wa meza ya kumi na nne. Sina chuki na kijana huyo. Huenda ana pua nzuri. Lakini kwa nini umlete mtu aje kujifunza kwa Azucena bila kujua kwamba anajifunza kwa Azucena? Nani ameandika kwamba mikono inayovalisha biri haiwezi kuketi kwenye meza inayoihukumu? Sisi wanaume watano tuliokaa meza ile tangu kiwanda kifunguliwe, tulizaliwa tukijua kuonja? Mimi nilianza kwa kubeba maji!

Naam, Don Ulises? ... Wa nyuma hawakusikia, nitawarudishia. Anauliza, "Kwa hiyo miezi ishirini umenidanganya?" Ndiyo. Nimekudanganya wewe na wote walioko hapa. Niliogopa. Ukitaka kuichukua saa ya ukutani, ichukue. Kwa Haydée utapata taabu kidogo, lakini ichukue.

Anasema hataki saa. Anasema, "Maneno yoyote yanaweza kusemwa hotubani. Aje aonje hapa mbele yetu." Na ameagiza lifunguliwe sanduku la mzigo wa Jumatatu, ule ambao lori lake limeshaandaliwa. Ni haki yake. Azucena, njoo. Vua aproni, au baki nayo, upendavyo. Mpisheni.

Naona Don Ulises mwenyewe amechukua moja, na mgeni rasmi amepewa, na Padre hakusubiri kupewa. Sasa naomba ukimya. Anaibonyeza, sawa. Ameinusa upande wa mguu, ile ncha inayowashwa. Ameomba maji na totia. Mpeni, totia isiwe na chumvi. Anaivuta bila moto. Ameiwasha. Angalieni asivyo na haraka, hajali kwamba katibu anaangalia saa. Mgeni rasmi tayari anatikisa kichwa kwa furaha, na meza ya wageni wanasema nzuri, nzuri sana. Azucena anapitisha puani. Ameiweka chini.

Sema, mama. Sema kwa sauti.

Amesema hivi: "Jani la Jalapa halijapumzika. Linauma ncha ya ulimi, halafu utamu unakuja umechelewa, kama mgeni aliyefika watu wameshaondoka. Hii iwekwe wiki nane. Don Ulises, ukiipeleka Jumatatu, wale wanaotoa hela yao ya Jumapili watasema La Vecina imewageuka. Na watakuwa na haki."

Meza nzima ya wageni imekwisha kuisifu, Azucena. Lori liko getini. Na mimi, nawaapia, sijui kama umesema kweli. Nimeishika biri hii mkononi mwangu na haina neno la kuniambia. Mwenye kujua ni mwenye ulimi.

Don Ulises anavuta tena. Anaupitisha puani. Amefumba macho, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Anavuta mara ya tatu... Amegusa ncha ya ulimi wake kwa kidole.

Anasema, "Inauma."

Amemwita dereva. Lori lirudi, mzigo ushushwe, wiki nane! Wa nyuma, pigeni makofi baadaye, ngojeni, kuna jambo jingine. Ametoa ile karatasi mfukoni. Ameikunja mara mbili, ameirudisha. Anasema kijana msomi atakaribishwa aje, lakini akija ataanzia meza ya kumi na nne, miezi sita, avalishe biri kwanza. Na sasa ameinuka mwenyewe, amemvutia Azucena kiti, hiki hiki changu, hapa meza kuu, na anasema kile cha meza ya kuonjea nacho ni chake.

Sasa pigeni!

Ndugu zangu, nimeishi kwa woga karibu miaka miwili nikidhani kwamba siku nitakayosema ukweli nitabaki sina kitu. Nimeusema, na nina furaha ambayo sijaionja tangu nipoteze kuonja. Bamba hili nitalirudisha kwa fundi wa shaba, alichonge upya kwa jina linalostahili. Gharama yake ni juu yangu.

Unasemaje, Azucena? Kiti kinatosha? ... Haya, amekaa, na neno lake la kwanza akiwa mkuu wa meza ya kuonjea ni hili, nanukuu: "Nani kaweka kahawa hapa? Iondoeni, inanivuruga pua. Na Padre, marashi hayo mwisho wake leo."

Mmemsikia mkuu. Vikombe viondoke. Nami naondoka navyo, nikiwashukuru nyote kwa kunikopesha masikio yenu mpaka neno la mwisho.