Ukuta wa Fundi

Kinyozi amezoea kusikia hasira za watu akiwa amesimama na mkasi. Leo, ndani ya basi, alizisikia akiwa ameketi. Kwenye kiti cha mbele yake, fundi mwashi alikuwa amempa jirani yake, karani wa mahakama, samansi ya kuitwa mahakamani amsomee.

"Hili neno la Kiingereza, trespasi, maana yake umeingia kwa mtu bila ruhusa," karani alisema.

"Nilifuata pimamaji yangu ya kunyooshea kuta. Niliisahau humo nilipomaliza kumjengea huyo aliyenishtaki nyumba yake."

"Sheria haiulizi ulifuata nini, fundi. Inauliza nani alikuruhusu."

"Miezi minane nimelala humo juu ya mifuko ya saruji, nikimlindia mali yake. Wakati huo hilo neno lilikuwa likizo?"

Karani aliikunja karatasi polepole, kama anayefunika chungu kinachochemka. "Hayo usimwambie hakimu. Utamuudhi."

"Mimi je, nani ameniuliza kama nimeudhika? Shukrani ya punda ni mateke, bwana karani."

Basi likasimama mbele ya mahakama. Fundi aliutazama ukuta mrefu wa mahakama, kisha akasimama.

"Na huu niliujenga mimi," akasema. "Afadhali hapa nimeitwa."