Boriti ya Chumba cha Watoto

Jambo hili nililisikia kwanza kwa baba mkwe, fundi mpimaji wa majengo, alasiri aliyotuita kitandani kwake, mume wangu, shemeji na mimi.

"Sikilizeni wanangu, na wewe mkamwana, toka huko nyuma ya mlango. Nyumba gawaneni sawa. Ngazi yangu msiigombee, maana ni fupi, na ndiyo iliyoniponza. Miaka kumi na moja iliyopita nilitumwa kiwandani kupima boriti ya chuma inayobeba mashine za nyuzi, ile iliyo juu ya chumba wanamolala watoto wa wafanyakazi. Hakuna jicho linaloona ndani ya chuma, kwa hiyo sisi hugundisha kipimo cha waya kwenye ngozi yake. Mashine zikinguruma ngozi huvutika, waya nao huvutika, ndipo tunakadiria maumivu ya ndani. Boriti iliyobanwa na kuta huumia zaidi pale inapoingia ukutani. Lakini ukutani palikuwa na kabati, na ngazi yangu fupi haikufika juu yake; nikaona uvivu kulipanda, nikagundisha hatua mbili mbele, mahali ambapo boriti hucheza bila kujikunja, na ngozi haivutiki. Waya ukasema shwari, nikatia sahihi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilidhani kimya ni afya.

Tangu niugue naisikia. Tazameni maji kwenye bilauri hii. Kiwanda kiko mtaa wa pili, na leo mashine zimezimwa, mbona yanatetemeka? Usicheke, kitinda mimba, naumwa miguu, siumwi akili. Mkamwana, wewe unafanya kazi pale, na mjukuu wangu analala chini ya sahihi yangu. Panda kabati nisilolipanda mimi. Weka kiganja. Ikikujibu... watoe watoto. Wote, si wako tu. Mungu awape mikono isiyo mivivu... na wewe, mkamwana, mwanangu... akupe sauti..."

Maji yakatulia kabla ya pumzi yake.

Asubuhi iliyofuata, mashine zikiwa bado hazijawashwa, nilipanda kabati. Pale boriti inapoingia ukutani rangi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikaweka kiganja. Chuma kilikuwa kinatetemeka. Mimi ambaye hata hodi huipiga kwa kunong'ona, nilipiga kelele mpaka akina mama wakaja mbio, tukawabeba watoto wote nje, wangu akiwa wa mwisho.