Sufuria Moja ya Mtaa Mzima

Kwenye basi la Vientiane, mbele yangu, mhandisi wa umeme Khamphone alikuwa akimhubiria Bi Somchit, muuza tambi.

"Dada, nchi jirani zikichangia mitambo ya akiba, hakuna haja kila moja ijenge yake ikae bure. Gharama zinashuka! Ni kama mtaa mzima kuwa na sufuria moja ya harusi."

"Weee! Miezi mitakatifu ya mvua, isiyofungwa ndoa, ikiisha, si mtaa mzima unaoza watoto wiki moja? Hiyo sufuria itaanzia kwa nani?"

"Nchi hazifanyi harusi pamoja, dada!"

"Na joto la Aprili, kila mtu akiwasha feni, linachagua nchi?"

Basi zima tukaangua kicheko, mhandisi akatuzidi wote. Sokoni akashuka, akamwomba dereva amteremshie jenereta.

"Ya nini tena?" Somchit akapiga kelele dirishani.

"Namwoza binti yangu Jumamosi! Mtaani kwetu siku hiyo kuna harusi sita!"