Silas Mugambi, Fundi Aliyeacha Mlango wa Jikoni Wazi

Padri, ndugu wafiwa, majirani wa Hallonbergen hapa Stockholm, nanyi mliosafiri kutoka mbali, poleni na msiba. Mimi ni Evodius Rwechungura wa Fisksätra, kaka yake Domina, kwa hiyo shemeji wa marehemu. Familia imeniomba nisome maisha ya Silas Mugambi M'Ikiara. Imeniomba pia nisiwachekeshe watu kanisani. Hilo la kwanza nitalitimiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1964 huko Nkubu, Meru, nchini Kenya, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee M'Ikiara na marehemu Mama Nkirote. Alibatizwa hapohapo Nkubu, na kanisani ndiko kipaji chake kilikoonekana, ingawa siku zile kilionekana kama utundu. Akiwa na miaka tisa alikutwa amelala kifudifudi chini ya benchi la tatu wakati kwaya inafanya mazoezi. Katekista alidhani amejificha aibe sadaka, akamchapa. Alipoulizwa alikuwa anatafuta nini pale, akajibu kwamba besi inasikika vizuri chini ya benchi la tatu kuliko mahali pengine pote. Dada yake mkubwa, Kagendo, ambaye tuko naye hapa leo, anasema Jumapili iliyofuata katekista mwenyewe alionekana ameinama palepale, ametega sikio.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hukohuko Meru, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982. Kisha alikwenda Nairobi kusomea ufundi wa mitambo ya redio, na kuanzia 1985 alifanya kazi ya kurekodi vipindi na kwaya. Mwaka 1989 alikuja Stockholm kwa mafunzo ya miezi sita. Miezi sita hiyo, jamani, imekuwa miaka thelathini na sita.

Alikutana na dada yangu Domina Kokugonza mwaka 1993, baada ya misa ya Kiswahili, akiwa amepanda ngazi anarekebisha spika iliyokuwa inakoroma kuliko waumini. Barua ya posa ilipofika kwetu Kamachumu, baba aliuliza kijana anafanya kazi gani. Nikamwambia anarekodi muziki, yaani anasikiliza. Baba akasema, "Analipwa kwa kusikiliza? Basi mpeni, mwanamume wa namna hiyo hatumpati hapa." Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 17 Juni 1995. Mungu akawajalia watoto wawili, Natalie mwaka 1997 na Ivan mwaka 2001.

Sasa nafika kwenye kazi, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo maisha ya shemeji yangu yalipokwama kwa miaka ishirini.

Kuanzia 1996 Mugambi alikuwa fundi wa sauti katika studio moja ya chini ya ardhi hapa Sundbyberg. Februari 2004 walikuja vijana wanne kutoka mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Ireland, wapige albamu ya roki. Haikuwa ile roki ya redioni. Ilikuwa ya magitaa yenye kelele na maneno ya huzuni. Walikuwa na siku kumi tu. Siku ya sita vyombo vyote vilikuwa tayari, lakini mwimbaji wao, Fergal, alikuwa hajapata hata wimbo mmoja. Aliimba kama mtu anayesoma risiti ya dukani. Alikuwa amemzika mama yake Krismasi iliyotangulia. Mugambi alimkuta amekaa kwenye ngazi anakula mkate mkavu. Akasema, "Twende nyumbani ukale." Wakapanda treni mpaka Hallonbergen.

Domina alikuwa anasonga ugali. Sasa jueni jambo moja: sisi ni Wahaya, chakula chetu ni ndizi. Ugali dada yangu aliujifunza ukubwani, kwa ajili ya mumewe, na mpaka leo anausonga kama anagombana nao. Mwiko unagonga sufuria, pa, pa, unatulia, pa. Yule kijana akaketi pembeni ya jokofu kusubiri chakula, na bila kuambiwa na mtu akaanza kuimba polepole, akiufuata ule mwiko. Mugambi alisimama mlangoni na koti lake, hakulivua.

Kesho yake alileta maikrofoni mbili nyumbani. Moja aliiweka jikoni, nyingine kwenye korido, na mlango wa jikoni akauacha wazi kwa makusudi. Alimsihi mkewe asipige kelele. Domina akamjibu, "Mimi nipo jikoni kwangu. Ugali haumsubiri mtu. Kama unataka kimya, nenda ukakirekodi kanisani Jumatatu." Basi zikarekodiwa hivyo, nyimbo tatu, pamoja na mwiko, pamoja na Ivan wa miaka mitatu akiuliza kwa Kiswidi chakula kitakuwa tayari lini.

Makubaliano yalikuwa kwamba Fergal akishapata moyo, warudi studio waimbe tena, kwa usafi. Waliimba. Rekodi ikawa safi, na ikawa imekufa. Vijana wakapiga kura: wawili wanataka ya jikoni, wawili wanataka ya studio. Mpiga ngoma alisema hakuvuka bahari aje kushindwa na kijiko cha mti. Mwisho wakamgeukia Mugambi: "Wewe ndiye fundi. Amua." Mugambi akaamua ya jikoni. Albamu wakaiita "Hallonbergen", kwa jina la kituo cha treni walichoshukia.

Ilitoka Septemba 2004. Mapokezi yake, tusidanganyane msibani, yalikuwa mabaya. Gazeti moja la hapa liliipa alama mbili kati ya tano. Gazeti la kule Dublin liliandika kwamba nyimbo si mbaya, ila inaelekea fundi alisahau kufunga mlango wa jikoni. Haikununuliwa. Majira ya kuchipua yaliyofuata bendi ikavunjika, na Mugambi akaamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba yeye ndiye aliyeivunja. Vijana wanne walimwamini awachagulie, naye akawachagulia ugali. Hayo ni maneno yake, si yangu. Albamu akaitoa ndani ya nyumba. Hakumpigia Fergal simu, na Fergal hakumpigia.

Yangu mimi ni mabaya zaidi. Nililipenda sana lile neno la gazeti. Kila Jumapili nilipokuja kula kwao, kabla sijavua viatu, nilikuwa napaza sauti kutoka kwenye korido: "Shemeji! Mlango umefungwa?" Watu wanacheka, naye anatabasamu. Utani wa mashemeji, si mnaujua. Nilidhani anatabasamu. Mwishoni mwa 2005 aliacha studio, na mimi niliendelea kuuliza kuhusu mlango.

Kuanzia 2006 hadi alipougua, marehemu alifunga mitambo ya kuwasaidia wenye masikio mazito katika makanisa na kumbi za Stockholm nzima. Alikuwa anakaa kiti cha nyuma kabisa, katikati ya wazee, na kumwomba mtu anong'one Baba Yetu kule mbele. Asiposikia "mkate wetu", anaanza upya. Bibi mmoja huko Solna alilia kwa furaha kusikia mahubiri kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane, kisha akamlalamikia Mugambi kwamba kumbe mhubiri hana jipya. Baadhi ya wazee hao wapo hapa leo. Asanteni kwa kuja, na natumaini mnanisikia, maana mitambo ya kanisa hili pia aliifunga yeye.

Mwaka 2019 Natalie alishuka treni Hallonbergen akakuta vijana watatu, Waairishi, wanapiga picha kwenye kibao cha kituo. Alipanda ngazi mbio mpaka nyumbani. "Pappa, de letar efter vårt kök!" Wanatafuta jiko letu. Mugambi alisema, "Wananicheka." Hawakuwa wanamcheka. Vijana ambao mwaka 2004 walikuwa wananyonya walikuwa wameipata albamu na kuipenda, na walichokipenda zaidi ni zile nyimbo tatu. Fergal, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiimba mara mojamoja kwenye kumbi ndogo, na watu wanakuja na miiko kutoka majumbani mwao. Wimbo wa jikoni ukifika, ukumbi mzima unagonga viti. Mwaka 2021 albamu ilitolewa upya. Gazeti lilelile la Dublin likaandika kwamba ule mlango ulioachwa wazi ndio uliookoa albamu. Nililipeleka kwa shemeji mimi mwenyewe, nimelishika kwa mikono miwili kama mtu anayeleta mahari. Alisoma mpaka mwisho, akalikunja. Akasema, "Evo, gazeti haliwezi kunisamehe. Sikulikosea gazeti."

Februari mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi minne, kisha akachagua kuuguzwa nyumbani, katika chumba kinachotazamana na jiko. Hakulalamika. Lakini Domina alimsikia mara mbili akisema usingizini, "Ningezifuta tu zile tatu." Ndipo Natalie, bila kumwambia baba yake, alipomwandikia Fergal.

Fergal alikuja tarehe 16 Agosti, mvi tupu, na chupa ya jemu aliyopika mwenyewe. Domina akaingia jikoni kusonga. Mugambi hakuuliza habari za safari. Alimshika mkono akamuuliza jambo moja: "Niliwaharibia?"

Yule mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Mugambi, tulivunjika kwa sababu tulikuwa wapumbavu wanne ndani ya gari moja. Wewe hukuharibu kitu. Jikoni kwako ndipo mahali pekee maishani nilipoimba bila kujisikiliza. Nilikuwa nasikiliza kama chakula kimeiva. Tangu mama afe, ilikuwa mara ya kwanza kusubiri chakula kwenye nyumba ya mtu."

Nilikuwepo. Mugambi alilia, tukalia wote, na Domina akapiga kelele kutoka jikoni kwamba ugali unapoa na wanaume wazima wanalia. Siku hiyo tulikuwa watu saba mezani. Kisha shemeji akaomba albamu ichezwe, akaisikiliza yote, macho amefumba, na kwenye wimbo wa tatu akainua kidole kumwonyesha mkewe: "Hapo. Hapo ulichelewa."

Jumapili tarehe 12 Oktoba nilikwenda kumwona. Hakuwa na nguvu za kuongea sana. Nilikaa, nikaondoka, na kama tunavyofanya kwa mgonjwa, nikauvuta mlango taratibu. Akasema, "Evo. Acha wazi." Nikarudi nikapiga magoti pale kitandani. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe kwa ule utani wangu. Miaka ishirini!" Akasema, "Utani wako ulikuwa mbaya kweli. Lakini kila Jumapili ulikuja." Alifariki nyumbani kwake Hallonbergen, Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, na harufu ya chai kutoka jikoni.

Familia inawashukuru wauguzi waliokuja kila siku kwa upendo mkubwa, jumuiya yetu ya Kiswahili kwa sala na sufuria zilizojaa, Wakenya wenzake wa Stockholm, na Fergal, ambaye yuko nasi tena leo, benchi la tatu. Nadhani anajua kwa nini tumemkalisha hapo. Mpiga ngoma hakuweza kusafiri, ametuma shada la maua. Utepe wake umeandikwa: "Kwa fundi wetu. Kijiko kilishinda kwa haki."

Marehemu ameacha mjane, Domina; watoto wawili, Natalie na Ivan; mjukuu mmoja, Kamila, mwenye miezi minane; dada zake Kagendo na Makena; na mashemeji, ambao mmoja wao hana tena mtu wa kumtania.

Neno la mwisho. Watu wa makumbusho ya muziki kule Ireland waliandika kuuomba ule mwiko. Mtu mwingine alipendekeza uwekwe ndani ya jeneza. Domina amewajibu wote jibu moja: "Bado napikia." Kwa hiyo tukishampumzisha hapa Sundbyberg, wote mnakaribishwa nyumbani kwake. Atasonga yeye mwenyewe. Mwiko ukianza kugonga sufuria, naomba tunyamaze kidogo, tusikilize kama alivyokuwa anasikiliza.

Pumzika kwa amani, shemeji. Mlango tumeuacha wazi.