Umeme wa Moyo wa Sadock

Kijiwe chetu kipo nyuma ya stendi ya Same: benchi moja refu na kahawa ya Swalehe yenye tangawizi ya milimani. Tumechoka sote, jua limetuchosha, vumbi limetuchosha, na ubishi ni ule ule. Leo zamu ni ya Sadock. Moyo wake unadunda ovyo, mara mbio, mara unasita, na hospitali moja ya Dar imemwita. Daktari atapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, aziue kwa mapigo mafupi ya umeme zile sehemu ndogo zinazovuruga mdundo. Mwenyewe kakaa, begi la safari miguuni.

— Umeme upi? akauliza Vitus, fundi redio, tunayemwita Injinia. Huu huu wa kukatika?

— Wanasema hauunguzi, Sadock akajibu. Ni kufumba na kufumbua.

— Usiounguza si umeme, mzee! Na ukikatika mrija ukiwa ndani?

Kaanaeli, aliyegawa maji ya mfereji miaka mingi kule Gonja, tunamwita Bwana Maji. Akatikisa kichwa.

— Moyo ni kama ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kuna mtu anafungulia maji nje ya zamu yake. Daktari anaziba hapo tu.

— Ukiziba huku, yanatokea kwa jirani. Tutasikia figo nayo inadunda!

— Figo haina zamu, Injinia.

— Basi akirudi asikae karibu na redio zangu. Zitakamata moyo wake badala ya taarifa ya habari.

— Jamani, Sadock akasema, mimi naogopa.

Tulimsikia. Injinia akaomba sukari.

Ndipo akaja Faustina, binti wa Sadock, mtoto mchanga mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Basi linaingia. Daktari kasema lazima aende na mtu. Mimi na huyu mtoto siwezi, ila baba kila siku ananiambia wenzake wa kijiweni wapo. Nani anakwenda naye?

Injinia akachungulia kikombe. Bwana Maji, mjuzi wa zamu za watu, akamnyooshea Swalehe kikombe chake. Swalehe akainamisha birika, halikutoa kitu. Mimi nilifunga kamba za kiatu kilichokwisha kufungwa.

Honi ikalia. Sadock akainuka taratibu, mkono kifuani, akatushika mkono mmoja mmoja.

— Poleni, akatuambia.