Zamu ya Roselida kwa Daktari

OPERETA: Busia, ongea na Nairobi. Dakika tatu.

ZEPHANIAH: Haloo? Nani ananitafuta kazini?

ROSELIDA: Dada yako. Niko posta ya Busia.

ZEPHANIAH: Mulembe, dada. Watoto wako—

ROSELIDA: Mulembe. Barua ya hospitali yenu imefika. Shamsa wa dukani amenisomea.

ZEPHANIAH: Barua gani? [laini inakwaruza]

ROSELIDA: Inasema mwezi uliopita Roselida alionwa na yule daktari mgeni kutoka Ulaya, wa macho na mishipa ya ubongo. Mimi sijatoka kijijini Bumala tangu Krismasi, ila leo. Nilikuwa nangoja uniite.

ZEPHANIAH: Makarani hapa hukosea sana—

ROSELIDA: Ulipeleka mtu mwingine kwa jina langu, anwani ukaacha yangu. Ni nani?

ZEPHANIAH: Laini hii ni mbaya, dada—

ROSELIDA: Zephaniah, dakika zinaisha.

ZEPHANIAH: Mkwe wangu, mama yake Rosebella. Kichwa kilikuwa kinamuuma, na zamu zilikuwa zimejaa. Mke wangu akalia. Mkwe hanyimwi, dada, wewe unajua.

ROSELIDA: Na dada ananyimwa?

ZEPHANIAH: Nilifikiri wewe ungevumilia kidogo—

ROSELIDA: Barua ya daktari wa hapa nilikupa kwa mkono wangu. Ukanisomea mwenyewe: kuna kitu kinakua kichwani, kinabana mshipa wa macho, asichelewe. Sasa mtu akisimama mbele yangu naona pua tu. Mashavu hakuna. Jana nimekanyaga moto.

ZEPHANIAH: Pole, da—

ROSELIDA: Rosebella ulimuoa na nini?

ZEPHANIAH: Wacha hiyo, tafadhali.

ROSELIDA: Na nini?

ZEPHANIAH: Na ng'ombe za mahari yako.

ROSELIDA: Ziko kwa boma ya huyo mama mpaka leo. Nilidhani zinamtosha. Umenisaliti, Zephaniah. Wewe niliyekubeba mgongoni.

ZEPHANIAH: Daktari atarudi kutoka Ulaya mwaka ujao. Nitakuandikisha wa kwanza, naapa—

ROSELIDA: Mwaka ujao nitakuwa naona nini? [laini inakwaruza] Alimkuta na ugonjwa gani?

ZEPHANIAH: Nani?

ROSELIDA: Mkweo.

ZEPHANIAH: Hakuna. Alimwandikia miwani ya kusomea.

ROSELIDA: Anajua kusoma?

ZEPHANIAH: Hapana.

OPERETA: Dakika tatu zimeisha. Niongeze?

ZEPHANIAH: Ongeza, tafadhali. Dada, ngoja—

ROSELIDA: Kata, opereta. Halafu mtu anishike mkono mpaka mlangoni.