Amekuwa Mkubwa, Mpeni Ukubwa Wake

Zimeni hiyo redio, wanangu, mje mnisikilize nikiwa bado na pumzi ya kugombana nanyi. Rasaiya, sogea karibu, usisimame hapo mlangoni kama mgeni anayetafuta njia ya kuaga. Wewe ndiye niliyekuzaa, na maneno mengi ya leo ni yako. Selvarani, mkwe wangu, acha hayo masufuria, ukae. Na wewe mjomba mtu, Letchumanan, nashukuru umepanda mlima wote huo kuja kumjengea mpwa wako kibanda cha majani cha kukaa mwari, lakini weka panga chini kwanza. Dilukshi, mjukuu wangu, najua uko nyuma ya hilo pazia la sari na najua umekatazwa kutoka mpaka siku zako za ndani ziishe, basi tega sikio hapo hapo ulipo. Daktari aliwaambia ninyi kule nje kwamba kifua changu hakina muda, mkadhani sikusikia. Masikio yangu ni mazima kabisa. Ni mwili tu uliochoka, na sioni ajabu, maana umebeba tenga la chai tangu meno yangu ya utotoni hayajaisha kung'oka. Atakayelia nitamtoa nje, nina kazi hapa.

Tuanze na mali, kwa kuwa ni kidogo na haitatuchelewesha. Ng'ombe ni wa Selvarani. Usinikunjie uso, Rasaiya, huyo ng'ombe hata hakujui. Anayeamka na ukungu kumkatia majani ni mkeo, na akikuona wewe anadhani umekuja kununua maziwa. Bustani ya karoti na maharage hapo nyuma ni yako wewe. Ardhi si yetu, ni ya shamba, lakini samadi niliyoitia miaka yote ni yangu, nakuachia samadi. Kipini changu cha pua mwekeeni Pavi, mjukuu wangu mdogo, na asivalishwe mpaka aombe mwenyewe. Na yule Muniyamma wa nyumba ya tatu, ambaye hatujasemezana tangu mbuzi wake aliponilia sari yangu ya harusi ikiwa kambani, mwambieni nimemsamehe. Ila mwambieni nikishakufa. Nikimsamehe leo atakuja kukaa hapa kitandani kwangu na kuniambia kwamba sari yenyewe ilikuwa imechakaa.

Hayo yamekwisha. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo linalonizuia kufumba macho.

Huyu mtoto, Dilukshi, alichaguliwa na wanafunzi wenzake kuwa kiongozi wao. Hakuomba apendelewe, hakupigiwa debe na mtu, alisimama mbele ya shule nzima akawashinda wavulana waliokwisha kuota sauti nzito. Ni yeye aliyeanza kuuliza kwa nini choo cha wasichana hakina mlango wala maji, hata binti akifika siku zake anabaki nyumbani kama mgonjwa. Mimi niliposikia hilo nilicheka peke yangu hapa kitandani kwa furaha. Haya, mtoto akavunja ungo. Jana nikawasikia mnanong'ona, baba mtu na mjomba mtu, kwamba shule ikifunguliwa Rasaiya atakwenda kwa mwalimu mkuu kusema binti yake anaacha uongozi, apewe mvulana fulani. Kwa nini? Mkasema, ameshakuwa mkubwa, haifai asimame mbele ya wavulana kila asubuhi, watu watasema. Nikataka kuinuka niwachape, miguu ikakataa.

Ngojeni niwaambie mimi nilivyokuwa mkubwa. Letchumanan, usitazame dari, hii ni habari ya mwili na wewe umezaliwa na mwili.

Mnajua mvua ikinyesha huku kwetu ruba, hao wanyonya damu, wanavyoamka. Tunajipaka miguu sabuni na chumvi kabla ya kuingia kwenye michai, na bado wanapata njia. Nilikuwa msichana mwembamba, nachuma kando ya mama yangu, nikaona damu inateremka pajani. Nikasema, leo amenipata babu yao. Nikamtafuta. Nikapaka sabuni. Hakutoka. Nikajifunua sketi katikati ya michai, nikachukua chumvi ya kiganja kizima nikaipeleka huko huko inakotoka damu, huku napiga kelele kwamba ruba ameingia mahali pasipoingilika, njooni mnitoe! Wanawake wa mlima mzima wakaacha kuchuma, wakacheka mpaka wakakaa chini. Chumvi, jamani, mahali pale! Nililia machozi ya kweli. Mnacheka? Chekeni. Hata mimi nacheka sasa. Lakini siku ile nilidhani nakufa huku watu wakinicheka, kwa sababu hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kufungua kinywa kuniambia kwamba jambo hilo lipo duniani.

Mama yangu alinifunga kitambaa, akanifunika kichwa, akasema, "Umekuwa mkubwa." Basi. Hakuongeza neno, na yeye mama yake hakumwongezea. Sasa mimi mkubwa niliyemjua alikuwa mmoja tu, mkubwa wa shamba, aliyekaa kwenye nyumba yenye maua kule juu, ambaye akipita njiani watu wazima wanaingia kwenye mtaro kumpisha. Nikafurahi sana. Nikajiambia, kumbe wakubwa wanapatikana hivi! Jioni nikaenda kukaa mbele na wanaume, nikaomba nipakuliwe kwanza. Shangazi alinivuta sikio hadi kwenye kona, nikafungiwa humo nikinyweshwa mayai mabichi na mafuta ya ufuta. Na tangu siku hiyo niliyoambiwa nimekuwa mkubwa, kila kitu changu kilipunguzwa. Kuruka kamba, basi. Kupanda mpera, basi. Kucheka kwa sauti, kujibu nikiulizwa, kutazama watu usoni, vyote basi. Niambieni, ninyi mliosoma, huo ni ukubwa wa namna gani unaoanza kwa kumpunguza mtu?

Nipe maji, Selvarani. Kidogo tu. Ahsante, mama.

Nilikuja kuwa mnyapara, wa kwanza mwanamke kwenye mlima huu. Si kwa kubembelezwa. Mnyapara wetu alikuwa mlevi, na msimu mmoja wanawake walikwenda wote pamoja ofisini wakasema wanamtaka Pechiyammal, yaani mimi, au hawainui tenga. Siku ya kwanza nikasimama mbele ya kundi, miguu inatetemeka ndani ya sari, nikishukuru kwamba sari ni ndefu. Mzee mmoja pale kwenye mizani, mwenye mdomo mchafu, akaniuliza mbele ya watu, "Na ukiwa mwezini, mama, nani atatusimamia?" Nikamjibu, "Yule yule aliyekusimamia asubuhi ya leo, maana niko mwezini na hukujua." Tangu siku hiyo akawa ananipisha njiani. Nimewasimamia watu mpaka magoti yalipokataa, na michai haikunyauka, na mvua haikugoma, na maziwa ya ng'ombe hayakukatika.

Dilukshi, mama, hapa nasema na wewe, na Pavi aliyejificha chini ya kitanda akidhani simwoni naye asikie. Hiyo damu si ugonjwa wala si adhabu, na wewe si mchafu. Ni mwili unajifunza kazi yake, na mwanzoni unaweza kukosea mahesabu, mwezi huu ije, mwezi ujao isije, usishtuke. Tumbo likiuma, funga chupa ya maji ya moto ndani ya kanga ujikande, na likiuma kupita kiasi sema, usijikaze kisabuni. Vitambaa vyako ufue na uanike juani, mbele ya macho ya watu na upepo, si chini ya godoro ambako sisi tulianika tukapata vipele na aibu vyote kwa pamoja. Kifua kitakua, jasho litabadilika harufu, uso utatoka chunusi siku ile ile unayotaka kupendeza. Utakasirika bila sababu, na siku nyingine utakasirika kwa sababu, na wao watakuambia ni mambo ya siku zako. Usikubali. Akikugusa mtu usiyetaka akuguse, piga kelele kuliko mimi na ruba wangu. Na ukisimama kusema mbele ya watu, usijifunike mdomo na kiganja kama tulivyofundishwa sisi, wala usianze kwa kuomba radhi. Miguu ikitetemeka, iache itetemeke, hiyo ni kazi yake. Kazi yako ni maneno.

Sasa ninyi wanaume. Letchumanan, umeshakodi spika za shughuli, nimeambiwa, zile kubwa za kufunga juu ya mti, na nyimbo zitapigwa mpaka ng'ambo ya bonde. Vizuri, nyimbo nazipenda. Lakini hebu nieleze, mwanangu, maana mimi ni mzee na kichwa kinazunguka. Mtamtangaza mtoto kwa spika, mlima mzima ujue kwamba ametokwa na damu, mumvalishe dhahabu, mumkalishe mbele ya watu mia apigwe picha. Halafu mtoto huyo huyo akitaka kufungua kinywa aombe mlango wa choo, mnasema ataona aibu? Aibu ya nani? Mmeshamaliza kuisambaza aibu yote kwa spika, yeye imembakia ipi?

Unasemaje, Rasaiya? Unajisi. Aa, nilijua utafika hapo, wewe ni mwenyekiti wa kamati ya hekalu, lazima ufike hapo.

Haya, baba, tuzungumze unajisi. Sisi neno letu ni moja. Mwanamke akiwa mwezini, tunasema ana unajisi. Mtu akifa ndani ya nyumba, tunasema nyumba nzima ina unajisi, kwa neno lile lile. Mimi nakaribia kufa, mwanangu. Nikikata roho, wewe na masharubu yako yote mtakuwa na unajisi kuliko binti yako. Hutakanyaga hekaluni, hutawasha taa ya mungu, majirani hawatagusa chakula chako. Je, utakwenda kuwaambia kamati wakuondoe, wampe mtu mwingine uenyekiti? Hutakwenda. Utaomboleza, utaoga, siku zitapita, utarudi kwenye kiti chako, na hakuna atakayekuuliza neno. Utakuwa umefiwa na mama, jambo la kawaida la wanadamu. Na yeye ameingia mwezini, jambo la kawaida la wanadamu. Naye ataoga. Naye arudi kwenye kiti chake.

Nakuona unakuna sikio. Ulikuwa ukikuna hivyo hivyo ulipokuwa mdogo ukishindwa. Sitaki unijibu kwa kichwa. Nataka neno, litoke kinywani mwako, mbele ya mkeo na shemeji yako na hawa majirani wote waliojazana barazani. Utakwenda kwa mwalimu mkuu au hutakwenda?

Sema tena.

Hutakwenda. Ahsante, baba. Ahsante, mwanangu. Njoo nikushike uso. Wewe si mtu mbaya, wewe unaogopa watu tu, na huo woga niliukuza mimi na mlima huu wote. Sasa umeutua, hata bega lako limekuwa jepesi, nalisikia.

Nimechoka. Subirini... ninyanyueni kidogo kwenye mto. Hapo.

Nizikeni kule chini, penye michai iliyozeeka, na ngoma zipigwe kwa nguvu, sitaki ngoma za huruma. Shughuli ya mwari mtaisogeza mbele kwa sababu yangu, hilo mila inataka na mimi sibishani nalo. Lakini shule msisogeze hata siku moja. Umenisikia, Selvarani? Wewe ndiye utakayembishia Dilukshi mlango asubuhi.

Sasa fungua hilo pazia. Ndiyo, sasa hivi. Najua siku hazijaisha, Letchumanan, usishike kichwa. Mimi ndiye mzee wa nyumba hii, kama kuna dhambi nitakwenda nayo huko niendako, mzigo wangu ni mwepesi, nafasi ipo. Leteni majivu ya hekalu.

Njoo, mama. Karibu zaidi. Usiogope kunigusa. Tazameni alivyokua, jamani, mbona hamkuniambia? Haya, nakupaka majivu haya kwenye paji la uso kwa mkono wangu mwenyewe. Mungu akupe mwili mzima. Siku zako zije bila kukutesa na ziondoke bila kukudhalilisha. Usome mpaka utakapochoka wewe, si mpaka watakapochoka wao. Uolewe ukitaka, uzae ukitaka, na utakapozaa binti umwambie mapema, kabla hajashika chumvi. Nakupenda, mtoto wewe. Nimekupenda tangu ulipotoka unalia kwa sauti kubwa kuliko kichwa chako. Na wote mlio humu, na nyumba zenu, na vilivyomo ndani yake... nawabariki. Hata Muniyamma. Haya, mwiteni aingie, nimemsikia akikohoa hapo nje.

Pumzi... ngojeni.

Sauti yangu ndiyo inakwisha, basi. Hapo barazani naona wazee wawili wa kamati ya shule. Wamekuja kunijulia hali. Wakaribisheni ndani. Dilukshi, waambie habari za choo. Zote. Mlango, maji, wasichana wanaobaki nyumbani... Rasaiya, mpishe mwanao apite mbele. Ninyi wengine nyamazeni.

Simama vizuri. Usiniangalie mimi, mama. Waangalie wao. Sema.